Kengele za Kanyadet

Migot alirudi Kanyadet wakati watu wanapalilia mtama, amevaa kanzu iliyowahi kuwa nyeupe, na kabla hajafika kwao alikata kona akaingia langoni kwa Rading'. Hilo peke yake lilimtosha Aduwo, mke wa Rading'. Mtu aliyekaa kifungoni na Rading' miaka yote ile, mama yake mzazi yu hai na anamngoja, haanzii kwa jirani kama hana neno zito la kutua. Aduwo aliweka jembe chini, akafuta mikono, akamletea kigoda na kibuyu cha maziwa. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye ngozi akamtazama anavyokunywa, na Migot, ambaye kabla ya kufungwa alikuwa haachi kuongea hata mdomo ukiwa umejaa, alikunywa kimya mpaka tone la mwisho.

"Nilimzika kwa mikono yangu," alisema hatimaye. "Mimi na Mkamba mmoja tuliyefungwa naye. Tulimlaza vizuri, Mama Ojuang'. Kichwa tulikielekeza nyumbani."

"Nyumbani upande gani?"

Migot alinyoosha mkono, akasita, akaugeuza kidogo, kisha akaushusha magotini. Akakiri kwamba kule pwani, kwenye kisiwa cha wafungwa, hawakuwa na hakika. Walikisia kwa kuangalia jua linakotua.

Aduwo alicheka. Migot alishtuka, lakini wanawake waliokuwa wakipalilia naye walielewa. Rading' alikuwa mtu wa kupotea njia akitoka kwenye pombe ya jirani, jirani anayeonekana kutoka langoni, na sasa hata kaburini amelazwa kwa kukisia. Kisha kicheko kile kikageuka kilio, na kwa kilio kile Kanyadet nzima ikajua kwamba Rading' hatarudi.

*

Waliozaliwa baadaye wanasimuliwa habari za Rading' kama za jitu, na sisi tuliomjua tunawaacha wafurahi. Mrefu alikuwa, hilo ni kweli. Lakini bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu alipoanguka mtini utotoni, alikuwa anaimba vibaya kupita kiasi, na alikuwa na mke mmoja tu, jambo ambalo wenzake wa rika walimtania mpaka wakachoka. Akiulizwa, alisema Aduwo peke yake anamshinda, akiongeza wa pili watamfukuza nyumbani.

Alikuwa na mchezo wake wa jioni. Ng'ombe wakianza kurudi kutoka malishoni, alikaa langoni, akafumba macho, akataja kwa kusikiliza kengele ni ng'ombe wa nani wanaopita. Hao wa Ochuka. Hao wa Nyagudi. Hao wa mdogo wangu Ndira, kengele yake ina ufa na mwenyewe ni bahili hataki kununua nyingine. Aduwo alikuwa akimfunika macho kwa viganja ili asiibe, na wapita njia waliwacheka, watu wazima wanaocheza kama watoto. Kengele moja aliitambua hata usingizini, ile ya shaba aliyompa Agutu, mtoto wa baba yake mdogo, siku Agutu alipooa. Walikuwa wamelelewa pamoja wale wawili, wakila chungu kimoja.

Ilipokuja vita ya Wazungu, wakaja askari kutaka vijana wa kubeba mizigo. Tulikuwa tumeshasikia habari za vijana wa majirani waliokwenda na hawakurudi. Rading' hakubishana nao. Aliwapa kivuli na uji, akawaambia poleni, vijana wote wamekwenda kwenye kinamasi kukata mafunjo ya kuezekea. Wakauliza watarudi lini. Akasema mafunjo ni mengi. Wakamtisha, naye akawauliza kwa upole kama kuna sheria inayokataza kukata mafunjo. Kwa miezi kadhaa Kanyadet ilikuwa na mafunjo ya kuezekea nchi nzima, na haikutoa kijana hata mmoja.

Mwishowe walirudi wakiwa wengi na hawakutaka uji. Walichoma maghala. Rading' aliwaongoza wanaume hadi kivukoni mtoni, na pale watu wetu walisimama na mikuki mbele ya bunduki, mvua inanyesha, siku nzima. Baadhi yao hawakuinuka tena. Askari hawakuvuka siku ile. Walivuka baadaye, kwa njia nyingine, wakawachukua ng'ombe wote wa Kanyadet, mpaka ndama, wakawafungia karibu na ofisi ya Mzungu. Ni Agutu aliyekwenda na kurudi kupeleka maneno. Masharti aliyoyaleta yalikuwa mafupi. Rading' ajitoe, na ng'ombe warudi.

Akajitoa. Jioni ile ile waliyomchukua, ng'ombe waliachiliwa, na walikutana naye njiani, yeye anakwenda amefungwa kamba, wao wanarudi nyumbani. Aduwo alikuwa nyuma yake. Alimsikia akitaja kwa sauti ya chini: hao wa Ochuka, hao wa Nyagudi, hao wa Ndira. Askari alimsukuma, akamwambia anyamaze. Hakunyamaza mpaka kengele ya mwisho ilipopita. Hayo ndiyo maneno ya mwisho Aduwo aliyoyasikia kinywani mwake.

Mwaka uliofuata Agutu alipewa kofia akawa chifu. Wapo wanaosema alimuuza ndugu yake, na wapo wanaosema aliokoa kilichokuwa bado kinaokoleka. Mwenyewe hakuwahi kujitetea. Tangu siku ile hakukanyaga langoni kwa Rading', na ng'ombe wake walipitishwa njia ya chini, mbali na masikio ya Aduwo.

*

Kwetu mtu akifia mbali na maiti yake isipatikane, haachwi huko. Hukatwa tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake, likaletwa nyumbani, likalazwa, likaliliwa, likazikwa kwa jina lake. Wazee walikuwa wamelitaja jambo hili kwa Aduwo zaidi ya mara moja, naye kila mara aliwajibu kwamba hamziki mtu anayekuja. Hata mwanawe Ojuang' alikuwa ameanza kumlaumu chini chini. Mke wake Awiti alikuwa na mimba ya pili, nao bado wamebanana kwenye kibanda cha ujana karibu na lango, kwa sababu baba asipokuwepo na asipozikwa, hakuna wa kumtoa mtoto akajenge kwake. Sasa Migot alikuwa ameleta habari, na Aduwo akakubali.

Ndira, mdogo wake Rading', alitaka mambo yaishe haraka. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa kila kitu kilichovaa sare. Aliwatuma Ojuang' na binamu zake mtoni, na kabla ya saa sita wakarudi. Ojuang' alitua kapu mbele ya mama yake.

"Ndani kuna nini?" Aduwo aliuliza.

Vijana wakatazamana. "Ni baba," alisema Ojuang'.

Aduwo akachungulia. Ndani ya kapu, kati ya maganda ya mihogo, lilikuwa limelala tunda fupi, nene, limenyooka vizuri, la kumfaa mtu asiyetaka kubeba mzigo mkubwa kupanda mlima.

"Huyu ni nani?"

"Mama, si ni tunda tu."

"Kama ni tunda tu, basi ulile. Huyu simjui. Baba yako akilala miguu ilikuwa inatoka nje ya ngozi, na nyinyi mmeniletea mtu anayeenea kwenye kapu la mihogo. Na mmemwangusha. Ona, amepasuka hapa. Mmemkata akaanguka chini, sivyo?"

Binamu mmoja akaufunika ufa kwa ganda la muhogo. Ndira alijaribu kuingilia, akasema maskini shemeji, vijana wa siku hizi hawajui, lakini Aduwo alikuwa ameshasimama. Alichukua ngozi ya ng'ombe ambayo mumewe alikuwa akiilalia, akaitupa begani, akateremka mtoni mwenyewe, vijana wakimfuata kwa aibu.

Mwegea ule mkubwa wa mtoni ulikuwa umebeba sana mwaka ule. Aduwo alipita chini yake polepole, akiinua mkono kulishika kila tunda alilolifikia, akilipapasa, akiliacha. Hili dogo. Hili jembamba, Rading' hakuwa hivi hata alipougua. Awiti, aliyekuwa amemfuata na tumbo lake, aliona midomo ya mama mkwe wake inacheza, na akaelewa kwamba anazungumza na Rading'. Mwisho alisimama mbele ya tunda moja refu, lililoinama kidogo upande mmoja karibu na kikonyo, pale ambapo kwa mtu pangekuwa begani. Alilishika kwa mikono miwili na hakuliachia.

"Huyu," alisema.

Akawaonyesha jinsi ya kutandaza ngozi na kuikamata pembe zote, ili tunda likikatwa lisiguse ardhi. Likatua kwenye ngozi kwa kishindo kizito, na Ojuang', ambaye asubuhi alikuwa amesema ni tunda tu, aliuma mdomo wake akageuka pembeni. Walilipandisha nyumbani kwa mwendo wa pole, wakibadilishana mabega, na wanawake waliokutana nao njiani waliweka mitungi chini wakaanza kulia.

*

Kesho yake Aduwo alikwenda barazani kwa Agutu, kwa sababu bila ruhusa ya chifu siku zile hata kilio kilihesabika mkutano. Alikuwa amejipaka majivu kama mjane anavyopaswa. Oduk, askari wa chifu, alimwambia wanawake wenye kesi wanakaa upande ule, na upande ule ulikuwa wa jua. Aduwo akamwambia hana kesi. Oduk akamjibu kwamba kama hana kesi basi hana haraka. Alikaa juani mpaka kila ugomvi wa mbuzi na mipaka ulipomalizika, na watu waliomfahamu walipita wakitazama miguu yao. Wengi wao walikuwa wana wa wanaume wa kivukoni.

Agutu alikuwa amenenepa. Kofia ile ilimbana, na akiivua ilimwachia mstari kwenye paji la uso.

"Nani amefariki, shemeji?" aliuliza, na barazani pale hakukuwa na asiyejua kwamba anajua.

"Ndugu yako."

"Maiti iko wapi?"

"Imelala nyumbani kwangu."

"Ni tunda, bwana chifu," alisema Oduk. "Nimepita nikaliona. Wamelifunika blanketi kabisa, lisije likapata baridi."

Wachache wakacheka kwa sababu Oduk alikuwa na kiboko. Agutu hakucheka. Alimwambia Aduwo kwamba serikali haijakataza mtu kuzika tunda. Azike kesho kutwa asubuhi, yeye na watu wa nyumba yake. Ngoma hapana. Pembe hapana. Mwanaume akionekana na mkuki analala ndani.

"Na ng'ombe?" Aduwo aliuliza.

Akifa mtu mzima mwenye jina, wanaume wa kwetu huchukua mikuki na ngao, wakawakimbiza ng'ombe wao mpaka mpakani, kukifukuza kifo kilichoingia nyumbani. Wakirudi, ng'ombe hupitishwa kando ya kaburi, vumbi likatua juu yake, na hapo marehemu amefika kwake na watu wamemkiri. Mtoto hafanyiwi hivyo. Mwizi hafanyiwi. Aduwo hakuwa amekuja kuomba ruhusa ya kuchimba shimo. Alikuwa amekuja kuuliza kama mumewe atazikwa kama mwanaume au kama mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina.

"Hakuna kukimbiza ng'ombe," alisema Agutu.

Hapo Aduwo akapiga magoti. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpigia shemeji magoti, na magoti yenyewe hayakuwa tena ya kupigwa. Ilimbidi ashike ardhi kwa mkono mmoja.

"Ng'ombe hao unajua walirudije Kanyadet, Agutu. Wewe ndiye uliyeleta maneno."

Agutu aliinama kutoka kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, lakini waliokaa mbele walisikia. "Ndiyo maana siwezi. Mzungu akisikia Kanyadet imekusanya ng'ombe na mikuki kwa jina lile, atawachukua tena. Na safari hii hakuna Rading' wa kujitoa."

"Wala hakuna Agutu wa kumpeleka," alisema Aduwo, akajiinua.

Hakuna aliyemsaidia kusimama. Hilo lilimuuma kuliko jua, na alilirudia rudia njia nzima ya kurudi nyumbani.

*

Alimkuta Ojuang' amepanda kigoda, anatoa mkuki wa baba yake uliochomekwa kwenye paa. Habari za baraza zilikuwa zimemtangulia, pamoja na habari za magoti. Ndira alikuwa amesimama mlangoni akimsihi, na Migot amekaa chini akimenya muwa.

"Rudisha," alisema Aduwo.

"Mama, wamekucheka. Barazani, mbele ya watu."

"Walimchekea Oduk. Rudisha mkuki, uteremke. Unataka nikatafute matunda mawili?"

Ojuang' akateremka. Alikuwa na kimo cha baba yake, lakini mabega yote mawili yalikuwa yamenyooka, na Aduwo alimwonea huruma kwa sababu alikuwa bado hajajua kushindwa kunakuwaje. Alimkalisha karibu naye. Kisha akamgeukia Migot, akamuuliza lile ambalo tangu siku ya kwanza alikuwa haliulizi. Rading' alikufaje?

Migot akaweka muwa chini. Alisema hakufa kwa bunduki wala kwa kiboko, kama watu walivyokuwa wameanza kusimulia. Alikufa kwa kuhara, kama wengi kule. Mchana walikuwa wanapasua mawe ya chokaa na jioni wanafungiwa. Rading' aliwachekesha wafungwa wa kila kabila kwa nyimbo zake mbaya, mpaka mlinzi mmoja akamlipa tumbaku ili anyamaze. Lakini kila asubuhi nje ya ukuta walikuwa wanapita punda wa kubeba maji, nao wana kengele. Rading' alikuwa anaamka kabla yao, anakaa na mgongo ukutani, anafumba macho.

"Tulikuwa tunamuuliza, haya mzee, hao wa nani? Anasikiliza mpaka wapite wote. Halafu anasema, hawa siwajui." Migot alijifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Siku ile ya mwisho hawezi hata kukaa. Nikamshika mgongo. Punda wakapita. Akasema hivyo hivyo, hawa siwajui. Akalala."

Ndira alitoka nje. Walimsikia akipenga kamasi karibu na zizi, kwa muda mrefu. Aliporudi, Aduwo alikuwa amekauka macho na anatazama mlangoni, kule ambako kilima kinashuka kupita nyumba yao hadi mtoni.

"Ndira," alisema, "majani ya hapa juu yetu yameota mwaka huu?"

"Yameota, shemeji. Mvua ilikuwa nzuri."

"Mtu akitaka kulisha ng'ombe wake hapo asubuhi, bila mkuki, bila pembe, anakwenda zake na fimbo yake. Kuna sheria inayokataza?"

Migot alianza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyekata mafunjo mengi ujana wake. Akasema yeye ni mfungwa aliyerudi, kila nyumba inamwalika kula na kusikia habari, na leo na kesho ana njaa sana. Atasimulia habari za punda. Akimaliza kula atawaambia majani ya kwa Rading' yameota, basi.

"Watu wanaogopa, shemeji," Ndira alisema. "Wana watoto. Waliona yaliyompata kaka. Usije ukawategemea."

"Siwategemei," alisema Aduwo. "Mwache tu Migot akale."

*

Walimzika Rading' asubuhi, upande wa kulia wa nyumba ya mkewe, mahali pa mwenye mji. Walikuwa wachache mno. Ojuang' na binamu zake walichimba. Awiti na wanawake watatu wanne wa karibu walilia, lakini kilio bila ngoma kinakuwa chembamba, hakifiki hata langoni. Oduk alikuwa amekuja na kiboko chake kuhakikisha, akasimama pembeni ya zizi akitafuna muwa wa watu.

Aduwo alilivisha tunda shanga za kiunoni mwake mwenyewe, zile alizozivaa siku alipoletwa kwa Rading', na kuliviringisha kwenye ngozi. Akawaamuru walilaze kwa ubavu wa kulia, bega lile lililoinama lije juu, kwa sababu akilalia bega bovu hapati usingizi. Oduk aliguna. Hakuna aliyemtazama. Wakafukia.

Hapo ndipo kwa kawaida wanaume wangeondoka mbio na ng'ombe. Wote walijua, wakawa hawana la kufanya na mikono yao. Ndira alikuwa hayupo. Tangu alfajiri hakuonekana, na Aduwo alikuwa ameshamsamehe moyoni, maana woga si dhambi, na yeye alikuwa ameonya mapema. Ojuang' aliegemea jembe akatazama juu kilimani. Kulikuwa na majani mengi na hakukuwa na hata mbuzi. Jua lilikuwa limeshapanda vya kutosha kwa ng'ombe wote wa Kanyadet kuwa wametoka mazizini.

Aduwo alikaa chini karibu na udongo mbichi. Alijisikia mpumbavu, na tena alijisikia mzee. Alikuwa amemleta mumewe kutoka mchanga wa pwani ili aje asikilize ukimya.

Kisha ikasikika kengele yenye ufa.

Ilikuwa inatoka juu, nyuma ya ua wa mnyaa, ikigonga vibaya kama ilivyogonga miaka yote, na nyuma yake akatokea Ndira na ng'ombe wake, na fimbo nyembamba ya kuchungia, akitembea akitazama mbele kama mtu asiyejua kwamba kuna msiba. Uso wake ulikuwa umelowa jasho la hofu. Ng'ombe wakaingia kwa lango lililo wazi, wakapita karibu sana na kaburi.

"Wewe, unakwenda wapi?" Oduk aliuliza.

"Kulisha."

Oduk akapiga hatua kumzuia. Kabla hajamfikia, zikasikika kengele nyingine. Ochuka alikuwa anashuka na wake, peke yake, na fimbo. Nyuma yake mbali kidogo wana wa Nyagudi. Kisha watu wa bonde la pili, ambao hatukuwahi kuwaona wakilisha upande wetu. Hakuna aliyekuwa na mkuki. Hakuna aliyeimba. Kila mtu alikuwa na ng'ombe wake, na hakuna aliyezungumza na mwenzake, na kilima kizima kilikuwa kinateremka. Oduk alimshika mmoja mkono, akamuuliza mbona wote leo, na yule akamwambia ng'ombe wamekataa kubaki nyumbani, amuulize ng'ombe. Vumbi likainuka mpaka likaficha zizi. Wanawake wakalia upya, na safari hii kilio chao kilikuwa na kwato chini yake, kikaenda mbali.

Aduwo alikuwa hajainuka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya udongo, upande wa kichwani, kama alivyokuwa akiviweka jioni zile langoni, na macho yake mwenyewe alikuwa ameyafumba. Ojuang' alipomkaribia ili kumwondoa njiani, alimkuta akizungumza kwa sauti ya chini.

"Hao wa Ndira, umesikia mwenyewe, mpaka leo hajanunua nyingine. Hao wa Ochuka. Hao wa Nyagudi, wamekuwa wengi, eh? Hao wa wajukuu wa Obop, huwajui, walizaliwa ulipoondoka, lakini kengele ni ile ile."

Alitaja wote. Vumbi lilitua kichwani mwake juu ya majivu, likatua juu ya kaburi. Kengele zikaanza kupungua, zikashuka kuelekea mtoni, na akadhani imekwisha.

Ndipo ikaja moja ya mwisho, peke yake, kutoka njia ya chini. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, ya shaba. Wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Oduk alivua kofia yake bila kujua kwamba ameivua, akarudi nyuma akaacha njia. Ng'ombe wakapita polepole kando ya kaburi, wengi, wanene, na nyuma yao nyayo za mtu mmoja anayetembea bila viatu na anayepumua kwa shida kwa sababu amenenepa.

Mikono ya Aduwo ilikaza juu ya udongo.

"Na hao," alimwambia Rading', "ni wa Agutu."

Ojuang' aliinama sikioni mwake, amejaa machozi, ili amwambie ni nani aliyekuwa anawachunga. Mama yake akainua kiganja kimoja chenye udongo akamziba mdomo. Macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Usiniambie," alisema. "Baba yako alikuwa anataja ng'ombe tu."